Afande, Hesabu Haikuwa Hiyo

"Tuambie siku uliyokosea ukiwa angani."

Nilikuwa kwenye mahojiano ya kazi ya urubani, na swali lilitoka kwa mama mmoja aliyeketi mwisho wa meza, kiganja chake kikiwa juu ya faili yangu. Wenzake wawili walikuwa wameniuliza ya injini na ya hali ya hewa, nikawajibu bila kusitasita. Hili la kukosea nililijibu haraka kuliko yote. Nilisema kwamba katika miaka 17 ya kurusha ndege za uchukuzi za jeshi sikuwahi kufanya kosa la kutajwa. Akaandika kitu. Akauliza tena: na siku uliyotofautiana na rubani mwenzako? Nikamwambia jeshini amri hutolewa, na ikishatolewa hutekelezwa. Akaandika tena, maneno machache kuliko mwanzo, kisha akaifunga faili.

Jibu lao lilinikuta kwenye simu nikiwa njiani kurudi Kisumu, basi limesimama Kericho na abiria wameshuka kununua mahindi ya kuchoma. Lilikuwa na mistari miwili, likinishukuru kwa muda wangu. Shirika lenyewe la ndege silitaji kwa sababu halikunikosea lolote. Nilishuka nikasimama kando ya barabara nikitazama majani chai yaliyolowa mvua, na jambo moja lilinisumbua: maswali yote ya ufundi nilikuwa nimeyapata. Sasa waliona nini?

Ilinichukua miezi minane kupata jibu. Naandika kwa ajili ya yeyote anayejiandaa kukaa mbele ya jopo kama lile, hasa ndugu zangu wanaovua sare na kutafuta kiti kwenye mashirika ya raia.

Dada yangu ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Kisumu. Jumapili alipanda kilimani Riat, ninakoishi, kunijulia hali, akanikuta uani nimejikunyata na chai iliyopoa. Nikamsimulia. Hakuniliwaza.

"Uliwaambia hujawahi kukosea?"

"Ndiyo."

"Basi hata mimi nisingekuchukua, ndugu yangu."

Akanieleza wanavyofanya kazi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19, na wazo lenyewe liliazimwa kwetu marubani. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliye chumbani anataja jina lake na kazi yake, hata kama wamefanya kazi pamoja miaka. Nilidhani ni adabu tu. Dada akasema hapana, mtu akishaisikia sauti yake mwenyewe mle ndani mara ya kwanza, kuitoa mara ya pili hakumshindi. "Sisi daktari mzuri tunamjua siku nesi mgeni anapomwambia hesabu ya pamba haijatimia. Akiweka mikono chini akasema hesabuni tena, huyo tunamfuata popote. Akifoka, siku nyingine watu watanyamaza, na pamba itabaki tumboni mwa mtu."

Nilimsikia, lakini nilisikia kama anayesimuliwa habari za watu wengine.

Ni yeye pia aliyeniletea binti mmoja, rubani kijana. Shangazi ya binti hufanya kazi naye hospitalini. Kwao ni Nakuru, mtaa wa Section 58, na baba yake aliuza kipande cha shamba upande wa Njoro ili amlipie masomo ya urubani kule Wilson, Nairobi. Alikuwa na leseni ya rubani wa biashara, saa 230 za kuruka kwenye logibuku, daftari la safari za rubani, umri wa miaka 24, na kazi hana. Alikuwa amehamia kwa shangazi yake Migosi kwa muda. Yeye ana vitabu kichwani bado vibichi. Mimi nina saa zaidi ya 2,000. Dada akaona tutafaana. Tukapatana kila Jumamosi saa nne asubuhi, barazani kwangu.

Riat ni mahali pazuri kwa kazi hiyo. Ukiketi barazani unauona uwanja wa ndege wa Kisumu chini yako, barabara ya kurukia imelazwa kando ya ghuba, na ndege ya asubuhi ikitoka Nairobi unaiona inapokunja juu ya maji kujipanga. Tulikuwa tukisimamisha kila kitu kuitazama. Mchana mawingu yalianza kurundikana upande wa milima ya Nandi, nasi tukayafanyia mazoezi: ungekuwa wewe, ungetua sasa, ungesubiri, au ungerudi? Ungeweka mafuta ya kwenda Eldoret, uwanja ulio karibu futi 7,000 juu ya usawa wa bahari, huku ukijua kwamba hewa ya huko ni nyepesi na ndege inahitaji barabara ndefu zaidi?

Alikuwa akiniita afande. Tangu siku ya kwanza, langoni, "Shikamoo afande." Sikuona neno. Nilikuwa nimeitwa hivyo tangu nitoke ukadeti pale Lanet, na nakiri lilinipendeza masikioni.

Jumamosi ya nne nilikuwa nikimwonyesha hesabu ya kushuka. Mashirika mengi huiuliza mezani bila kikokotoo, kwa sababu inaonyesha kama kichwa chako kinafanya kazi mdomo ukiwa na shughuli. Kanuni yake ni nyepesi: kila futi 1,000 unazotaka kupoteza zinahitaji maili tatu za baharini. Nikasema tuko futi 20,000, tunakuja Kisumu. Uwanja uko karibu futi 3,800. Ukitoa, zinabaki kama 16,000. Kumi na sita mara tatu. Nikasema, kwa sauti yangu ya kikosini, "Maili 38." Nikaendelea na kasi ya kushuka: mwendo juu ya ardhi mara tano, hivyo kwa noti 240, yaani maili 240 za baharini kwa saa, ni futi 1,200 kwa dakika. "Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, afande."

Akaenda jikoni kuchukua maji. Daftari lake lilibaki wazi juu ya meza. Alikuwa ameandika 48, akaizungushia duara mara mbili.

Maili kumi. Ukianza kushuka ukiwa umechelewa maili kumi, unafika uwanjani ungali juu kwa futi 3,000, na hapo ndipo watu wanapoanza kuilazimisha ndege. Aliporudi nikamwuliza kama aliona.

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

Akainama akitazama bilauri mikononi. "Nilidhani labda jeshini mna njia yenu ya kuhesabu."

Nimeshashikwa na dhoruba usiku juu ya Ziwa Victoria, saa ambazo radi za ziwani huwa kali kuliko za nchi kavu. Neno lile lilinitisha zaidi. Binti huyu alikuwa na jibu sahihi, ameliandika kwa kalamu, amelihakikisha kwa duara mbili, na bado aliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba hesabu ya mara tatu ina namna mbili kuliko kwamba mimi nimekosea. Na sikumkemea hata siku moja. Nilikuwa mpole kwake tangu mwanzo. Unyamavu ule haukuhitaji ukali wangu. Ulitosheka na sauti, cheo, na lile neno la langoni nililoliacha lipite.

Usiku nilifungua tena habari ya ajali ya Tenerife, kisiwa cha Uhispania. Kila anayejiandaa kwa mahojiano haya huisoma: Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu, juu ya barabara ya kurukia, wakafa watu 583. Nilikuwa nimeisoma zamani kwa ajili ya mtihani, nikashika ukungu, msongamano wa redio, na maneno ya mnara yaliyoeleweka vibaya. Safari hii nilisimama pale ambapo mhandisi wa ndege ya KLM ya Uholanzi anauliza kama ile ya Pan Am ya Marekani imekwisha kuondoka barabarani. Kapteni wake alikuwa mwalimu mkubwa wa marubani wa shirika lile. Anajibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Baada ya jibu hilo mhandisi hakuuliza tena, na kwa muda uliobaki ndege iliendelea kuongeza mwendo. Nikaona baraza langu.

Miaka miwili baada ya hapo, mwaka 1979, NASA waliwakutanisha wataalamu kuzungumzia ajali za namna hii, na kutoka hapo yakazaliwa mafunzo ya ushirikiano wa chumba cha rubani ambayo leo kila shirika huyadai. Kwetu wengi tunaikumbuka ajali ya ndege ya Kenya Airways pale Douala, Kameruni, Mei 5, 2007, usiku wa mvua, wakafa watu 114. Ripoti yake ilitaja kupoteza mwelekeo gizani, na ikataja pia ushirikiano uliopungua kati ya marubani wawili. Ukiulizwa ajali kwenye mahojiano, tafadhali usiisimulie kama hadithi ya kusisimua. Huenda aliyekaa mbele yako aliwajua waliokuwemo.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia binti kwamba afande imekwisha. Nikamtaka aniite kwa jina langu, kama wanavyoitana marubani wa raia. Ulimi wake ulikataa. Anasema mimi ni rika la mjomba wake mkubwa, na nyumbani kwao mtu kama huyo haitwi jina. Tukaafikiana aniite "mwenzangu." Nami nikaweka sharti: kila kikao nitaingiza kosa moja la makusudi, na ni kazi yake kunizuia kabla sijamaliza sentensi.

Wiki za kwanza alikuwa akikohoa. Kweli, alikohoa, akitumaini nitaelewa. Nikamwambia angani kikohozi hakihesabiki. Tukatengeneza maneno: sema unachokiona, sema ulicho nacho wewe, kisha pendekeza. "Wewe umesema 38, mimi nina 48, tuhesabu tena." Hakuna samahani mwanzoni. Nikipuuza, anarudia kwa sauti ya juu zaidi na anataja hatari yenyewe. Upande wangu ulikuwa mgumu vilevile. Nilizoea kujibu "nimeona" hata kabla sijaona. Ilinibidi nijifunze kusema "asante" na kunyamaza hapo, bila kujieleza. Jaribu leo nyumbani, mtoto wako anapokusahihisha mbele ya wageni, uone lilivyo zito neno hilo likija peke yake.

Kufikia hapo ndipo nilipoelewa yule mama wa mwisho wa meza alikuwa akitafuta nini. Alitaka kujua kama mtu atakayeketi pembeni yangu ataweza kuniambia ninakosea, na nami nilikuwa nimemhakikishia, kwa fahari, kwamba hataweza.

Kuna mambo ya makaratasi ambayo nitayapitia upesi. Fanya uchunguzi wa afya wa daraja la kwanza kabla hujatumia shilingi nyingine yoyote. Kama una tatizo la macho au moyo, afadhali ulijue sasa. Cheti cha Kiingereza cha marubani kina ngazi sita, na ya nne ndiyo ya chini inayokubalika kimataifa. Leseni ya juu, ya rubani wa usafiri wa mashirika, inataka saa 1,500 pamoja na mitihani yake, na utumishi wako wa jeshi haukuondolei mitihani hiyo. Nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga mapema, ukiwa na rekodi zako zimetiwa sahihi na kikosi, kwa sababu ukishatoka kambini kila sahihi inakuwa safari.

Logibuku inahitaji maneno zaidi. Majeshi mengi huhesabu saa tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena. Raia huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea ikienda kuruka hadi inaposimama mwisho wa safari. Kwa hiyo saa zako za jeshi huenda ni chache kuliko ambavyo zingekuwa upande wa pili, na baadhi ya mashirika hukubali kuongeza kidogo kwa kila safari. Usiongeze mwenyewe kimyakimya. Weka safu mbili, moja ya saa kama zilivyoandikwa na moja ya saa zilizobadilishwa, na uandike kanuni uliyotumia. Jopo hufungua ukurasa wowote na kukuuliza safari hiyo ilikuwaje. Binti na mimi tulifanya hivyo: anafungua, anaweka kidole, ananiuliza. Mara mbili sikukumbuka chochote, na badala ya kutunga nilijifunza kusema kwamba sikumbuki safari hiyo, ila naweza kusimulia nyingine ya wiki ileile.

Na lugha. Sisi tuliotoka jeshini tunaongea kwa vifupisho bila kujisikia. Siku moja nilimsimulia binti safari niliyoipenda sana, akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa ndani ya ndege mlikuwa wangapi, na wewe uliamua nini?" Sikuwa nimesema hata kimoja kati ya hayo. Tangu hapo kila habari niliipitisha kwenye maswali yake: abiria wangapi, hali ya hewa ipi, muda gani ulikuwepo, uamuzi wa nani. Yaliyo siri yabaki siri. Unaweza kusema waziwazi kwamba mahali hutapataja lakini uamuzi utaueleza, nao wataheshimu hilo.

Mahojiano yenyewe ni kwa Kiingereza. Tulifanya mazoezi kwa Kiswahili kwanza. Kwa Kiingereza nilikuwa najificha nyuma ya maneno ya vitabuni, kwa Kiswahili, mbele ya mtu anayekuuliza "halafu?", hakuna pa kujificha. Habari ikishasimama, ndipo tuliihamisha.

Nikafika kwenye swali lililoniangusha. Binti aliliuliza kila Jumamosi kwa maneno yaleyale: tuambie siku uliyokosea. Nilimpa makosa madogo, ya karatasi na ya redio. Akiwa ameshachoka nayo akaniambia, "Mwenzangu, haya si yenyewe."

Yenyewe ilikuwepo. Ni miaka mingi, nilikuwa na cheo cha kapteni, tunaingia kwenye kiwanja kimoja cha vumbi huko kaskazini tukiwa na watu 11 nyuma. Asubuhi nilikuwa nimetua hapohapo, upepo ukitoka mbele, na akilini mwangu ulikuwa bado unatoka mbele. Tukiwa tumeshajipanga, sajini wa mizigo alinyoosha shingo, akatazama manyatta pembeni, akasema kwenye kipaza sauti, "Afande, moshi ule unaelekea tunakokwenda." Nikajibu, "Nimeona." Sikuwa nimeona.

Moshi unaoelekea unakokwenda maana yake upepo uko mgongoni. Upepo wa nyuma ulio sawa na sehemu ya kumi tu ya mwendo wako wa kutua hurefusha umbali wa kusimama kwa takriban asilimia 21, kwa sababu nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza inakua kwa mraba wa mwendo. Kiwanja kile hakikuwa na hiyo asilimia 21 ya kugawa. Tulisimama hatua kama 30 kabla ya korongo, vumbi likatupita likaenda mbele yetu, likanionyesha upepo ulikokuwa. Abiria walishuka wakinishukuru. Hakuna kilichovunjika, kwa hiyo hakuna kilichoandikwa, na mimi nilijiambia kiwanja kilikuwa kifupi.

Nilipomaliza, binti hakusema "pole." Aliuliza, "Na sajini ulimwambia nini?"

Sikuwa nimemwambia kitu. Siku ile wala baadaye.

Ilinichukua wiki mbili kupata namba yake. Amestaafu, analima miwa upande wa Mumias. Alipokea akacheka kwa furaha, "Afande! Habari za siku nyingi!" Tukaulizana watoto, mvua, bei ya miwa ambayo haimridhishi mtu. Kisha nikamtajia kiwanja kile. Akanyamaza muda. Akasema anakumbuka moshi.

"Ulisema mara moja tu," nikamwambia. "Kwa nini hukurudia?"

"Ulisema umeona."

Nikamwambia sikuwa nimeona, na kwamba alikuwa sahihi, na kwamba nilipaswa kumwambia hivyo siku ileile, mbele ya wote, kabla injini hazijapoa. Nikamwomba radhi. Akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: kwamba usiku ule alipofika nyumbani aliwabeba watoto wake mmoja baada ya mwingine wakiwa wamelala, mkewe akamwuliza kuna nini, akajibu hakuna kitu. Hakuwahi kumsimulia mpaka leo. Alibeba peke yake kitu ambacho kilikuwa changu.

Baada ya simu ile sikuweza tena kulijibu swali lile kwa namna nyingine.

Kuhusu simuleta, ile mashine ya ardhini inayoiga urukaji, nilikuwa na akiba ya saa mbili tu Nairobi, na nawashauri wenye uwezo mdogo wasisubiri wapate kumi. Mbili zinatosha kukuonyesha tabia zako mbaya. Yangu ilikuwa kufanya kila kitu mwenyewe. Dakika ya tatu nilinyoosha mkono kuinua magurudumu, mwalimu akausimamisha hewani: "Huo ni mkono wa mwenzako. Mwombe." Kwenye ndege ya abiria mmoja anarusha na mwingine anafuatilia, na anayerusha hutamka anachotaka ili wa pili afanye na ahakikishe. Injini ikifa baada ya mwendo ule ambao hakuna tena kusimama, unaendelea kuruka, unaiweka ndege sawa, na hugusi kitu mpaka upate urefu salama, kisha mnaongea. Wapimaji hawatafuti mkono usiotetereka. Hukupa zoezi, wakakuambia ulichokosea, wakakurudisha mwanzo, wakatazama kama mara ya pili imebadilika. Mtu mwenye saa 3,000 asiyebadilika huachwa.

Kazi ya kikundi sikuiogopa na ilinipita vizuri, ila kwa wenzangu wa jeshi: dakika ya kwanza mkono wako utataka kushika kalamu na kugawa majukumu. Uzuie. Mimi nilichukua kazi ya kuangalia saa, na nikamwuliza kijana aliyekuwa kimya anaonaje. Ndiye aliyekuwa na jibu.

Sitaki mtu asome haya akadhani jeshi ni doa. Kule tulifundishwa kuamua na kelele zikiwa masikioni, kufika kwa wakati, kukubali kupimwa kila mara na kuambiwa ukweli bila sukari. Kikao cha tathmini baada ya safari ni kitu ambacho wengi wa raia wangekitamani. Binti alikuwa na shida kinyume na yangu: alijiona mdogo, na kila jibu lake lilianza na "nadhani." Kwake nilitumia ukadeti wa Lanet, simama, tazama mbele, sema jibu, nyamaza. Ulimfaa.

Mahojiano ya pili yalikuwa kwa shirika jingine. Waliniuliza nitajisikiaje kuongozwa na mtu mdogo kwangu. Hili tulikuwa tumelikalia Jumamosi mbili nzima. Kwetu jeshini kapteni ni cheo cha begani. Kwenye shirika ni aliyetia sahihi kuichukua ndege ile siku ile, na mimi meja mstaafu ningeanza kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Nikawaeleza kuhusu msichana wa miaka 24 na duara mbili kwenye daftari.

Kisha likaja, karibu kwa maneno yaleyale. Nikawasimulia moshi. Nilitaja watu 11, hatua 30, na nilivyosema nimeona. Mzee mmoja wa jopo, aliyekuwa akitazama dirishani muda mwingi, akageuka. "Na yule sajini?"

Nikamwambia nilimpigia miezi miwili iliyopita, na kwamba nilichelewa mno. Akatikisa kichwa polepole, akauliza siku hizi nafanya nini tofauti. Nikasema kabla ya kushuka nawauliza niliokaa nao wanaona nini ambacho mimi sikioni, kisha nasubiri mpaka mtu aseme kitu, hata kama ni "hakuna." Hakuandika chochote.

Walinichukua. Niko kwenye mafunzo ya aina ya ndege yao sasa, na narudi Riat wikendi zinaporuhusu. Binti ameshapita mtihani wa maandishi na mahojiano ya shirika moja linalorusha ndege ndogo za abiria. Simuleta yake ni Alhamisi ijayo. Kesho saa nne anakuja turudie mzunguko wa kusubiri zamu ya kutua, ule wa dakika moja kila upande chini ya futi 14,000, kwa sababu kuingia kwa sambamba bado kunamchanganya. Shangazi yake ameahidi kutuma samaki, ngege wa kukaanga. Nimemwambia sajini naye kwamba siku akija Kisumu kwa shughuli zake, apande huku juu, kuna mtu nataka amfahamu.